Kilio Kisichoandikwa

Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini je, kilio chenyewe kisipoandikwa?

Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 Machi 2020, na kifo cha kwanza kikatangazwa Julai. Hadi leo orodha rasmi ya vifo haifiki 4,000. Baadhi yetu hapa Makindye husoma idadi hiyo na kusema, "Kumbe tulitishwa bure." Hapo ndipo tunapokosea.

Neno la kuzingatia ni "waliothibitishwa". Asiyepimwa hahesabiwi. Wimbi la Juni 2021 lilipovuma, wapo waliofia nyumbani, wakazikwa vijijini pasipo majina yao kuingia daftarini. Nchini Tanzania, baada ya visa 509 kutangazwa mwaka 2020, takwimu zilinyamaza zaidi ya mwaka mmoja, ugonjwa haukunyamaza.

Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa vifo vya ziada duniani mwaka 2020 na 2021 vilikaribia milioni 15, ilhali vilivyoripotiwa kutokana na ugonjwa huo vilikuwa takriban milioni 5.4. Pengo hilo ni watu, si kosa la hesabu tu.

Kwa hiyo, mkiona takwimu, ulizeni: nani alipimwa, na nani aliachwa? Kisha msibani, baada ya kutoa rambirambi, wakumbusheni wafiwa kwa upole waandikishe kifo kwa mamlaka ya usajili, NIRA. Taifa lisilohesabu wafu wake haliwezi kuwalinda walio hai.