Kisumu Haikujitakia Risasi

Yupo mwandishi aliyedai gazetini kwamba watu wa Kisumu hujitakia balaa kwa kuwazomea marais. Ameianza hadithi katikati.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta wa Kenya alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji wanaiita Russia mpaka leo. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi mwezi Julai, na kilio kilikuwa bado kibichi. Umati ukazomea. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais kabla ya kuongoza upinzani, alikuwepo palepale. Kenyatta akashika kipaza sauti, akamvurumishia yeye na wafuasi wake vitisho na matusi ya nguoni, mbele ya watoto wa shule. Hayo ya adabu mwandishi wetu hayataji. Kisha walinzi wakafyatua risasi, msafara ulipokuwa ukiondoka. Serikali ilikiri vifo 11. Wenyeji wanasema ni vingi zaidi. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini.

Kumzomea rais si kosa la jinai. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichotumiwa kuwashtaki waliodaiwa kudhalilisha mamlaka ya maofisa wa umma.

Waliofyatua risasi mwaka 1969 hawakufikishwa mahakamani.