MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Tetesi za Kununuliwa kwa Studio

Liko jambo linalowashughulisha vijana wetu jioni baada ya masomo, ambalo wazazi wengi, hata wenye nyota mabegani, hawalielewi hata kidogo. Ni tetesi kwamba kampuni fulani kubwa ya michezo ya video karibu itainunua studio fulani. Kijana hulisema kwa uhakika, kana kwamba ametoka sasa hivi kwenye kikao cha wakurugenzi. Kisha humwomba baba mashine mpya ya kuchezea, ati mchezo aupendao hautapatikana tena kwenye ile ya zamani. Hapo tetesi zimekwisha kuingia katika mfuko wa nyumba, na ndiyo sababu nazileta katika ukurasa huu.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba studio ndiyo iutungao mchezo. Humo wamo wachoraji, watunzi wa hadithi na mafundi wa programu. Mchapishaji ndiye atoaye fedha, na kuutangaza mchezo na kuuuza. Baadhi ya wachapishaji, kama vile Sony, Microsoft na Nintendo, huuza pia mashine zenyewe. Mmoja wao akiinunua studio, aweza kuamuru michezo yake ichezwe kwenye mashine zake peke yake. Hiyo ndiyo hofu ya mashabiki, na kwa wengine ndiyo tamaa yao.

Chukueni kisa cha FromSoftware ya Tokyo, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1986. Mchezo wake Elden Ring, uliotoka Februari 2022, umeuzwa nakala zaidi ya milioni 25. Michezo ya studio hii ni migumu mno, nao mashabiki huipendea ugumu huo huo (mimi binafsi sioni raha ya kuuawa na joka mara thelathini kwa usiku mmoja). Sony ina ujirani wa siku nyingi nayo: Demon's Souls ya mwaka 2009 na Bloodborne ya mwaka 2015 zilitengenezewa mashine za PlayStation.

Basi Novemba 19, 2024, shirika la habari la Reuters lilipoeleza kwamba Sony inazungumza na Kadokawa, kampuni ya vitabu na filamu inayoimiliki FromSoftware, mashabiki hawakupata usingizi. Kesho yake Kadokawa ilikiri kuwa imepokea barua ya Sony yenye nia ya kununua hisa, ila hakuna lililoamuliwa. Bei ya hisa zake ilikwisha kuruka juu. Wapenzi wa Bloodborne wakauona mchezo wao ukitengenezwa upya. Wenye mashine nyingine wakaanza matanga kabla ya maiti.

Mazungumzo yalikuwa ya kweli. Mwisho wake ndio uliotungwa na mashabiki. Desemba 19, 2024 mambo yalitangazwa: Sony haikuinunua Kadokawa. Ilikubaliana kuchukua hisa mpya kwa yeni zipatazo bilioni 50, na kwa jumla ikawa na asilimia kama 10 ya kampuni. Ikawa mwenye hisa mkubwa kuliko wote, lakini si bwana wa nyumba. Hata FromSoftware yenyewe ilikuwa na wenyewe kadhaa: tangu mwaka 2022 Kadokawa ilishika karibu asilimia 70, kampuni iliyo chini ya Tencent ya China asilimia 16, na Sony asilimia 14. Mwenye fungu la namna hiyo husikilizwa barazani, ila rungu halimo mkononi mwake.

Sisemi kwamba tetesi zote ni upuuzi. Juni 2021 Sony ilipotangaza kuinunua Housemarque ya Finland, tangazo la PlayStation la Japani lilitoka kwa makosa na picha ya kuikaribisha studio nyingine kabisa, Bluepoint ya Texas, Marekani, iliyokuwa imeitengeneza upya Demon's Souls mwaka 2020. Picha iliondolewa, lakini watu walikwisha kuinakili. Septemba 30 mwaka huo huo ununuzi wa Bluepoint ukatangazwa rasmi. Ndugu zetu polisi wataelewa: picha ile ilikuwa kielelezo kilichotoka mikononi mwa mhusika mwenyewe, na hayo ya kuwazia ni maneno ya kijiweni.

Ninapogombana na vijana hasa ni pale wanaposhangilia ununuzi kama mchezaji wa mpira anayehamia timu yao. Tango Gameworks ya Tokyo iliingia mikononi mwa Microsoft mwaka 2021, katika ununuzi wa dola bilioni 7.5 uliochukua studio kadhaa pamoja. Januari 2023 ikatoa Hi-Fi Rush, mchezo uliosifiwa sana. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga. Agosti mwaka huo Krafton ya Korea Kusini ikaichukua, lakini kwa miezi mitatu watu wenye nyumba za kupanga na watoto shuleni hawakujua kesho yao. Familia za kambini hazihitaji kufundishwa jambo hili. Amri hutiwa sahihi mbali, na huku mama anafunga vyombo katikati ya muhula.

Kuhusu ile mashine, shauri langu kwa wazazi ni hili: msitoe hata senti kwa ajili ya studio ambayo bado inasemwa tu. Ngojeni mchezo wenyewe utangazwe, tena msome umetengenezewa mashine gani. Aprili 2025, miezi michache tu baada ya Sony kuwa mwenye hisa mkubwa wa Kadokawa, FromSoftware ilitangaza mchezo mpya uitwao The Duskbloods. Mashine iliyotajwa ilikuwa moja tu, Nintendo Switch 2.