Kalibu Umelipia, Faili Liko Kwa Nani?

Siku hizi kila anayeuza juisi, asali au sabuni ya maji anataka chupa yenye umbo lake mwenyewe. Si vibaya. Lakini naona kuna haraka ya kuchongesha kalibu (kile chuma kinachoipa plastiki umbo) kabla ya kuuliza mambo mawili ya msingi.

La kwanza ni mtambo. Chupa ya plastiki ya PET huzaliwa mara mbili. Kwanza hutoka kama kichupa kifupi kinene, shingo ikiwa tayari na hesi za kifuniko. Kisha hupashwa moto wa karibu nyuzi 100, fimbo huivuta kwa ndani, na hewa yenye shinikizo huipuliza mpaka iguse kuta za kalibu na kupoa. Shingo haiguswi kabisa! Kwa hiyo ukibakiza shingo ya kawaida, vichupa na vifuniko utaendelea kununua vilevile vilivyoko sokoni, nawe utalipia kalibu ya tumbo tu. Ukitaka shingo ya kipekee, itabidi uchongeshe pia kalibu ya kutengenezea vichupa vyenyewe, ambayo ni ghali zaidi sana, na ya kifuniko juu yake. Waandishi wa programu wenzangu wananielewa: hakuna anayeandika maktaba nzima upya eti kwa sababu hapendi jina la faili moja.

Tena umbo linalopendeza kwenye skrini linaweza kukataa kusimama kiwandani. Chupa ya Coca-Cola ilibuniwa mwaka 1915 na Root Glass Company ya Terre Haute, Indiana, ili mtu aitambue hata akiishika gizani. Sampuli ya kwanza ilikuwa pana mno tumboni, ikayumba kwenye mkanda wa kiwanda, ikabidi wapunguze. Kwa hiyo tengenezesha sampuli kwanza, uijaze, uifunge, uipange kwenye katoni. Na kama bado unauza katoni chache kwa wiki, nasema wazi: nunua chupa ya kawaida, pesa zako weka kwenye lebo.

La pili ndilo linaloniudhi. Kalibu ni kama programu iliyo tayari kuendeshwa. Mchoro wake wa kompyuta ndio msimbo chanzo. Umelipia kalibu, imekaa kiwandani kwa mtu, na mchoro anao yeye. Mkikosana unahamia wapi? Na nini kitamzuia asimchongee mshindani wako umbo lilelile?

Mkataba useme kalibu na mchoro ni vyako. Umbo lisajili KIPI kabla halijafika madukani, maana sheria inataka liwe jipya. Ulinzi ni miaka 5, unaongezwa mara mbili hadi 15. Na faili uombe la STEP, ambalo kiwanda kingine kinaweza kulifungua na kulifanyia kazi. PDF ni picha tu.