Anayelipa mafuta ndiye anasema

Mwaka jana, mangaribi moja ya mvua, habari ilifika mu cité yetu: shimo limeanguka, vijana wamebaki ndani. Huyu alisema watu kumi, yule alisema makumi mawili. Bamama waliacha bukari ku moto wakakimbia. Wengine walifungua redio yetu ya cité ili wasikie majina. Redio ilikuwa kimya, juu ya mafuta ya «groupe» ilikuwa imeisha tangu siku mbili. Tulishinda usiku muzima na uongo. Asubuhi tulikuta vijana wote wako wazima, udongo ulianguka pembeni tu. Lakini mama mmoja muzee alikuwa amevunjika mguu mu giza, akitafuta mutoto ambaye alikuwa amelala kwa rafiki yake.

Siku zingine habari mbaya ni ya kweli. Tarehe 27 Juni 2019, kule Kolwezi, udongo uliangukia wachimbaji wa mikono, na watu zaidi ya 40 walikufa. Ku siku kama ile, jamaa inataka kujua nani yuko ku hospitali na nani amerudi nyumbani. Gazeti la Kinshasa haliwezi kukuambia. Ni mwandishi wa karibu, anayejua avenue yako, ndiye anaweza.

Sasa, yule mwandishi anakula nini? Mu redio nyingi za cité hana mushahara. Anaishi na «coupage»: anayetaka kusikilika ndiye anamupa bahasha. Leo ni mutu wa politike, kesho ni malonda, kesho kutwa ni kampani. Kwa hiyo redio inasalimia wakubwa, lakini haiwaulizi kitu.

Wazee wetu wanakumbuka «Mwana Shaba». Union Minière ililianzisha mwaka 1957, kisha likabaki gazeti la Gécamines. Watu walilipenda, walitafuta ndani yake picha za jamaa zao. Lakini gazeti la patron haliwezi kumuuliza patron.

Na maswali iko mingi. Sheria ya migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya «redevance» inaenda ku komini, sekta ao chefferie yenye iko na mugodi. Inasema tena kwamba kampani inatoa asilimia 0,3 ya mauzo yake, hata kama ni kidogo kabisa, kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Nani anauliza, kila mwezi, ni ngapi ilifika na ni kisima gani kilichimbwa? Nani anatangaza bei ya mawe ku depo, na kusema kwamba mashine ya huyu munegosia inasoma «teneur» ya chini kuliko ya jirani yake? Kama redio haisemi, tunauza mawe yetu na macho yakiwa yamefungwa.

Wengine watasema: sisi ni maskini, acha kampani itupe «groupe». Itupe, hatukatai. Lakini asiyelipa mafuta asishangae kama mwingine ndiye anachagua maneno. Na umaskini haukutuzuia kuchanga ku matanga, wala kucheza likelemba. Jamaa 300 zikitoa franka 1.000 kila mwezi, ni franka 300.000. Feza hiyo haijengi nyumba, lakini inanunua mafuta, na inamulipia mwandishi njia ya kufika ku shimo bila kupanda mu gari ya mukubwa.

Mimi naomba tukubaliane mambo matatu. Ya kwanza: hesabu ibandikwe ku mulango wa redio kila mwisho wa mwezi, kila mutu asome. Ya pili: mutu mmoja, hata awe tajiri namna gani, asitoe zaidi ya robo ya feza yote, na akitoa, asipate ruhusa ya kufuta habari. Ya tatu: kila avenue ichague watu wawili, mmoja awe mwanamuke, wa kuleta habari na kuichunguza. Mbele ya kusema «amekufa», wasikie watu wawili waliokuwa pale, na waulize hospitali. Redio ikikosea, iseme yenyewe: tulikosea.

Mwisho wa mwezi huu, ukipokea mushahara ao feza ya mawe, toa franka elfu moja yako na uombe risiti. Na siku redio itasema neno ambalo halikupendezi, juu yako ao juu ya rafiki yako, lipa tena. Siku ile ndiyo utajua kwamba redio ni yetu.