Moshi wa dizeli: Kugeuza skrubu si kutengeneza injini

Simama kwenye steji ya Ruiru saa kumi na mbili jioni, upande wa magari ya Thika. Makanga anagonga mbavu za gari mara mbili, dere anakanyaga mafuta, na kabla hata gari halijaingia barabarani, wingu jeusi limekushukia. Mama anamfunika mtoto uso kwa leso. Mwanafunzi anavuta kola ya shati hadi puani. Hakuna anayelalamika. Tumezoea.

Ukichungulia kioo cha mbele cha gari hilo, huenda ukaona stika ya ukaguzi. Lilipitaje?

Ukishinda gareji za jua kali, jibu utalisikia mapema. Siku moja kabla ya ukaguzi, skrubu ya pampu ya dizeli inageuzwa ili mafuta yanayoingia kwenye injini yapungue. Filta safi ya hewa inaazimwa kwa rafiki. Gari linaenda kupimwa likiwa halina nguvu hata ya kupanda tuta, lakini moshi hauonekani. Jioni skrubu inarudishwa ilipokuwa, filta inarudi kwa mwenyewe, na kesho yake wingu limerudi steji. Watu huita hiyo kuchanuka. Sisi tunaona ni kujidanganya, na gharama yake inalipwa na mapafu ya watu wengine.

Tuelewane kwanza. Hatuandiki haya kuwacheka wenye magari ya kitambo. Chukua kijana wa Thika aliyepewa mkopo na sacco akanunua Canter kuukuu ya kubeba mawe kutoka machimbo ya Ndarugu. Gari likianguka ukaguzi, siku hiyo hakuna trip. Wiki ikiisha bila trip, mkopo hausubiri. Kumwambia kijana huyo "nunua gari jipya" ni maneno ya mtu asiyejua bei ya gari. Kwa hivyo swali la maana ni hili: gari la dizeli la miaka ishirini linaweza kupita kipimo cha moshi kihalali? Mara nyingi linaweza. Na mara nyingi gharama si kubwa kama watu wanavyoogopa, mradi usiachie kazi yote siku ya mwisho.

Kwanza, jua kipimo kinavyofanya kazi. Injini ikiwa imepata joto, kifaa kinachomekwa kwenye ekzosi, gari likiwa limesimama na gia iko nyutro. Mafuta yanakanyagwa hadi mwisho kwa mpigo mmoja, kisha mguu unaachiliwa, na hilo linarudiwa mara kadhaa. Ndani ya mashine kuna mwanga unaopita katikati ya moshi. Moshi ukiwa mzito, unaziba mwanga mwingi, na namba inapanda. Ni sekunde chache tu, lakini ni sekunde zilezile ambazo mama wa steji anazijua vizuri: wakati gari linapong'oa nanga.

Moshi mweusi maana yake ni dizeli ambayo haikuungua yote. Ama mafuta yamezidi, ama hewa imepungua. Ukilijua hilo, utajua pa kuanzia, na utaanza na vitu vya bei rahisi.

Anza na filta ya hewa. Vumbi la barabara za machimbo na mitaa isiyo na lami linaiziba haraka, na kuipuliza kwa kompresa kila mwezi hakuifanyi iwe mpya. Kama gari lina turbo, kagua mabomba yake. Mpira uliopasuka unavujisha hewa na injini inakosa pumzi. Badilisha filta ya dizeli na oili. Kisha njoo kwa nozo. Nozo iliyochoka haipulizi mafuta kama ukungu, inayadondosha, na matone hayaungui vizuri. Fundi mwenye mashine ya kupimia nozo atakuonyesha kwa macho yako ni ipi imekufa na ipi bado inafanya kazi, badala ya kubadilisha zote kwa kubahatisha.

Pampu iwe ya mwisho. Na hapa tutofautishe mambo mawili. Pampu iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari "livute" na mzigo, ikapelekwa kwa fundi wa pampu na kurudishwa kwenye kipimo chake, hayo ni matengenezo halali na yatakupunguzia pia bili ya mafuta. Lakini skrubu inayogeuzwa Jumatatu na kurudishwa Jumanne ni mchezo. Moshi mweusi unaotoka ni dizeli uliyoilipia kwenye petroli steshen, halafu ukaipuliza hewani bila kukusogeza hata mita moja. Dere anayejivunia gari "linalovuta" wakati linamwaga masizi anajivunia hasara.

Rangi ya moshi pia inaongea. Ukiwa wa buluu, injini inaunguza oili, na pengine ringi zimekwisha. Ukiwa mweupe na hauishi hata injini ikipata joto, kuna dizeli isiyowaka kabisa, au maji yanaingia yasipotakiwa. Hapo filta haitakusaidia. Na kabla ya kupeleka gari lolote la kitambo kwenye kipimo, hakikisha oili iko sawa na beliti au cheni ya injini bado ni nzima. Kukanyagiwa hadi mwisho mara kadhaa kunaweza kuvunja injini iliyokuwa inasubiri kisingizio tu.

Siku yenyewe, usiwashe gari baridi na kulipeleka moja kwa moja. Liendeshe kwa mwendo mzuri, ndani ya sheria, nusu saa hivi. Kutoka Ruiru hadi Thika kwenye Superhighway panatosha. Injini inapata joto kamili na masizi yaliyojikusanya kwenye ekzosi yanatoka. Huo si ujanja, kwa sababu kipimo chenyewe kinataka injini yenye joto.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Tangu Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Awali Kenya ilikuwa ikiruhusu 500. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, hasa ili kuzima biashara ya kuyachanganya na dizeli. Kwa hivyo ukinunua dizeli ya jerikeni kando ya barabara kwa sababu ni ya bei ya chini, usishangae nozo zikifa mapema. Umeokoa mia mbili leo ili ulipe maelfu baadaye.

Mbona tunasisitiza haya yote? Kwa sababu moshi huu si uchafu wa kuosha na sabuni. Mnamo Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi hapa kwetu hawako ndani ya magari yenye vioo vilivyofungwa. Ni makanga anayening'inia mlangoni siku nzima, muuza njugu, mtu wa boda, na mwanafunzi anayesubiri gari la kwenda Juja. Wengi wao ni rika letu.

Sheria ipo. Sheria ya Trafiki inakataza gari kutoa moshi ambao ungeweza kuzuiwa, na tangu 2014 tuna kanuni za ubora wa hewa chini ya NEMA zinazogusa pia magari. Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Rasimu ya kanuni za ukaguzi iliyotolewa 2025 ilipendekeza hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe kila baada ya miaka miwili. Tunaunga mkono wazo hilo, lakini kwa masharti.

La kwanza, kila mwenye gari apewe karatasi yenye namba ya moshi iliyopimwa na kiwango kinachokubalika. Ukiambiwa tu "umeanguka", hujui kama umekosa kidogo au sana, na hapo ndipo mazungumzo ya pembeni huanzia. La pili, anayeanguka apewe muda unaoeleweka wa kutengeneza na kurudi, bila kulipa upya kila mara kana kwamba ni faini. La tatu, vipimo vya ghafla vifanywe barabarani na kwenye steji. Skrubu iliyorudishwa Jumanne itashikwa Jumatano. Na saccos zisijifiche nyuma ya makanga: sacco inayokusanya pesa kila siku inaweza kununua au kukodi mashine moja ya kupima moshi na kupima magari yake yenyewe kila baada ya miezi mitatu.

Kuna watakaosema tusubiri magari ya umeme. Kweli, pale Thika kwenyewe, kiwanda cha KVM, ambacho kimekuwa kikiunda magari tangu miaka ya sabini, sasa kinaunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo. Ni habari njema kwa mji wetu. Lakini basi moja la umeme likitoka kiwandani linaingia barabara iliyojaa Canter na nissan za dizeli ambazo zitakuwa nasi kwa miaka mingi bado. Hewa ya miaka hiyo tutaivuta sisi.

Kwa hivyo, boss, kama una dizeli ya kitambo, tarehe ya ukaguzi isikushtue. Mwezi mmoja kabla, nenda kwa fundi unayemwamini, simama nyuma ya gari lako, na umwambie mtu akanyage mafuta hadi mwisho. Ukijikuta unarudi nyuma na kufunika pua, umeshajua namba yako. Yule mama wa steji hana pa kurudi nyuma.