Kufuli Lililotobolewa Ubavuni

Jirani yetu mmoja, mjane, alitujia na fadhaa: ufunguo wa sanduku la dadake umefungua kufuli la mlango wake. Aliuliza kama ni uchawi.

Tuliona jibu ni kulitazama ndani. Tulilibana kwenye jiliwa, naye kijana wetu akalikwangua ubavuni kwa tupa, pole pole, hadi shaba ikafunguka dirisha jembamba. Kazi hii yataka subira. Tupa ikizidi kidogo tu, springi huruka. Moja iliruka, tukaitafuta mkekani hadi adhana ya alasiri.

Ndani mna vijiti viwili viwili, kimoja juu ya kingine, vikisukumwa na springi. Ufunguo wa haki huviinua hadi maungio yao yote yalingane na ukingo wa silinda, ndipo silinda izunguke. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao ya namna hii. Linus Yale wa Marekani alipata hataza ya lake mwaka 1861.

La jirani yetu lilikuwa na jozi 3 tu, karibu za urefu mmoja.

Wapo waliotulaumu kuwa twawafundisha watoto wizi. Hatukubali, aliyekuwa gizani ni mwenye mlango.

Dukani tulihesabu mikato ya ufunguo kabla ya kulipa: 5, kila mmoja na kina chake. Lile lililotobolewa analo mjukuu wake, na ufunguo wa sanduku ungali walifungua.