Kolajeni, Tanini na Neno "Kushikiza"

Imekuwa ada ya baadhi ya wasomi wetu kudai kwamba Kiswahili hukwama mlangoni mwa maabara. Dai hilo ninalipinga, na ushahidi wangu ni jeli za kolajeni na polifenoli za mimea, zinazotafitiwa kwa ajili ya tiba ya kujenga upya tishu za mwili.

Kolajeni ndiyo protini inayoshikilia ngozi, mifupa na kano zetu. Kila molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotwa mithili ya kamba. Ikitolewa kwa mnyama na kufanywa jeli, huwa laini mno, na vimeng'enya vya mwili huimega upesi. Hapo ndipo tanini, aina mojawapo ya polifenoli, inapofaa: huzishika nyuzi hizo mahali pengi kwa wakati mmoja, jeli ikaimarika. Waliolainisha ngozi kwa magome ya mikandaa huko pwani, au ya miwati huku bara, walikuwa wakilitumia tendo lilo hilo.

Hata hivyo, singependa tuliazime jina kutoka kwa kazi ya ngozi. Ngozi ya kiatu hutakiwa idumu. Jeli ya kidonda hutakiwa izipokee seli hai, kisha itoweke kadiri mwili unavyojenga tishu yake. Mnamo 1925, Edward Davidson wa Detroit alianza kutibu majeraha ya moto kwa asidi ya tanini. Tiba hiyo ilienea mno, lakini katika miaka ya 1940 ikaachwa, kwa kuwa ilihusishwa na madhara ya ini. (Asije mtu basi akamwagia jeraha chai ya rangi akidhani anaifuata sayansi!)

Neno ninalolipendekeza ni kushikiza. Fundi cherehani hushikiza nguo kwa uzi wa muda. Mshono wenyewe ukishakamilika, uzi ule huondolewa. Kamusi ikitupa "krosilinki" itakuwa imetupa sauti tupu.

Suala hili si la wanaisimu pekee. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, sambamba na Kiingereza. Mgonjwa atakayeombwa ridhaa ya kuwekewa jeli ya namna hii ana haki ya kuuliza, na kujibiwa kwa lugha aijuayo: imetolewa kwa ng'ombe au kwa nguruwe? Imeshikizwa kwa dawa gani? Itakaa mwilini mwangu hadi lini?